Choo cha mbwa ndani ya nyumba: kabla hujanunua, uliza nani atakisafisha

1.
Nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, nimekunywa chai, usingizi umekataa. Basi tuendelee na mfululizo wetu wa afya ya nyumbani. Wiki iliyopita tulimaliza ya ndoo za maji ya kunywa. Leo naongelea kitu ambacho najua wengine mtacheka: choo cha mbwa. Sio banda la uani. Choo cha mbwa anayeishi ndani, ghorofani, kwenye nyumba ya kupanga.

Cheka kwanza umalize. Halafu nikuambie kwa nini naandika.

2.
Mwaka jana mwezi wa nne mama yangu alikuja Dar kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Ana miaka 71. Usiku wa pili baada ya upasuaji aliamka kwenda chooni, jicho moja limefunikwa, hakutaka kuamsha mtu. Koridoni kulikuwa na mkojo wa mbwa. Na nyie mnazijua tailizi hizi za kung'aa, zikilowa hata mchana huoni kitu. Aliteleza, akajikinga kwa mkono, kifundo cha mkono kikavunjika.

Mimi saa hizo niko zamuni, nawageuza wagonjwa wa watu wasipate vidonda vya kulalia. Mama yangu mwenyewe yuko chini, sakafuni kwangu, anaita.

Kinachoniuma mpaka leo ni kimoja. Ule mkojo haukuwa mbali na choo cha mbwa. Ulikuwa pembeni yake kabisa, labda nusu hatua. Yaani mbwa alijitahidi. Aliyekosea ni mimi niliyechagua kile choo na mahali pa kukiweka.

3.
Mtauliza, mbwa ghorofani wa nini? Swali la haki. Binti yangu ana miaka 11, tulipohamia ghorofa ya tatu akawa hana wa kucheza naye, akaomba mbwa kwa miaka miwili bila kuchoka. Nikakubali. Akaja Popi, chotara mdogo, ana wiki nane.

Tulipompeleka kwa daktari wa mifugo akatuambia jambo ambalo sikulifikiria: mtoto wa mbwa asishushwe chini kwenye njia wanakopita mbwa wengine mpaka amalize chanjo zake, kama wiki ya 16 hivi. Sababu ni parvo. Hicho kirusi kinatoka kwenye kinyesi cha mbwa mgonjwa na kinakaa kwenye udongo miezi mingi, mvua na jua havikimalizi haraka. Binadamu hakimdhuru, ila mtoto wa mbwa asiye na chanjo kinamwondoa ndani ya siku chache, kwa kutapika na kuharisha damu.

Kwa hiyo hesabu ikawa hivi: mbwa lazima ajisaidie, na chini haruhusiwi kushuka. Hapo choo cha ndani sio anasa wala uvivu. Ni lazima. Swali ni kipi.

4.
Na hapa ndipo wengi tunakosea, mimi nikiwa wa kwanza. Tunaangalia picha na bei. Tunanunua kile kinachopendeza, au kile muuzaji alichonacho siku hiyo. Maoni yangu, na nitayatetea mpaka mwisho wa uzi huu: choo cha mbwa usikichague kwa kumwangalia mbwa. Kichague kwa kujibu maswali matatu.

Nani atakisafisha kila siku?
Kikikosewa, nani atapita pale usiku?
Maji yake machafu yanaenda wapi?

Mbwa mwenyewe ni swali la nne, na kiukweli ndilo rahisi kuliko yote.

5.
Tuanze na pedi, maana ndizo nilizoanza nazo. Zile pedi za mbwa hazina siri yoyote. Ni zilezile tunazowatandikia wagonjwa wodini: juu kitambaa laini, katikati pamba na chembechembe zinazonyonya maji zikageuka kama uji mzito, chini nailoni. Kwa mgonjwa anayelala juu yake, ni kitu kizuri sana. Kwa mbwa anayesimama, sikiliza.

Kwanza, ukubwa. Mbwa akinusa pedi anapanda kwa miguu ya mbele, anahisi ameshafika, anakojoa. Miguu ya nyuma iko nje. Mkojo wote sakafuni. Ndicho kilichomwangusha mama yangu.

Pili, ulaini. Mtoto wa mbwa kuanzia wiki ya nane au tisa anaanza kuzoea kujisaidia juu ya kitu cha aina fulani, na akishazoea kumbadilisha ni kazi. Ukimfundisha kwamba choo ni kile kitambaa laini kilicholala chini, yeye atajumlisha. Kapeti ni kitambaa laini. Kizulia cha bafuni vilevile. Mswala wa mgeni nao. Kwangu alianza na kizulia cha bafuni, akaja kwenye godoro la binti.

Tatu, watoto wa mbwa wanachana kila kitu. Nilimkuta Popi na vipande mdomoni, chembe zile zimetapakaa sebuleni. Akimeza pande kubwa utumbo unaweza kuziba, na hapo mnaenda kwenye kisu.

Nne, hela. Mimi nilikuwa nanunua zile za wagonjwa, pakiti ya pedi kumi elfu 15. Pedi tatu kwa siku ni tisini kwa mwezi, yaani pakiti tisa. Shilingi 135,000. Kila mwezi! Na gari la taka kwetu linakuja mara mbili kwa wiki. Piga picha ya ule mfuko kwenye joto la mwezi wa pili.

Sisemi pedi ni mbaya. Kwa wiki za kwanza, kwa mbwa mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea, zinafaa. Ukizitumia basi tandika mbili au tatu zipishane, juu ya kitu chenye kingo. Lakini kama mpango wa miezi mingi? Hapana.

6.
Magazeti. Najua kuna mzee anasoma hapa anasema, "Sisi tulitandika gazeti na mbwa walikua." Ni kweli, shikamoo. Ila mlikuwa na uwanja, gazeti lilikuwa la siku chache ndani ya boksi. Kwenye tailizi gazeti likilowa linateleza kuliko hata mkojo wenyewe, na mkojo unapita mpaka chini. Kama una mtu mzima ndani ya nyumba, au mjamzito, au mtoto anayejifunza kutembea, gazeti liache.

7.
Boksi la mchanga. Hili wengi walinishauri, eti kama la paka. Hapa naongea kama nesi: kwenye hali ya hewa ya kwetu, joto na unyevu, mchanga wenye kinyesi cha mbwa ni shamba la minyoo ya safura. Mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na baada ya kama wiki moja yule funza mdogo anaweza kupenya ngozi ya mguu mtupu. Safura ya mbwa haimalizi safari ndani ya binadamu, inabaki inatambaa chini ya ngozi, unaona mstari mwekundu umepindapinda na unawasha usiku kucha. Wanaokaa karibu na fukwe wanaujua. Kuletea huo mchanga sebuleni, penye mtoto anayetambaa, mimi siwezi kukushauri.

8.
Nyasi halisi kwenye trei. Hiki ni kizuri kwa mbwa kuliko vyote. Ananusa udongo na majani, anaelewa bila somo refu, na ukija kumshusha chini baadaye hashangai, maana choo ni kilekile. Nyasi zinapatikana kwa wale wauza miche wa barabarani. Shida: ni nzito, zinakufa kwa mkojo, baada ya wiki mbili tatu zinakuwa njano na zinanuka, chini yake maji yanatuama. Mbu mnawajua. Ukiwa na mahali pa jua na nguvu ya kubadilisha mara kwa mara, chagua hiki na usinisikilize zaidi. Mimi sikuwa nayo.

9.
Nilichoishia nacho ni nyasi bandia juu ya trei. Sikununua cha dukani kilichotengenezwa tayari, nilikiunga mwenyewe kwa vitu vya Kariakoo. Trei kubwa ya plastiki yenye kingo za kuzuia, elfu 18. Wavu mgumu wa plastiki unaoinuka kidogo ili mkojo udondoke chini na mbwa asisimame kwenye maji, elfu 10. Kapeti la nyasi lenye matundu, mita mbili kwa elfu 25 kila mita, nikakata vipande viwili vinavyolingana. Jumla 78,000. Chini ya gharama ya mwezi mmoja wa pedi.

Vipande viwili ndiyo siri. Kimoja kipo kazini, kingine kimefuliwa kiko juani. Ni kama mashuka ya wodi: huwezi kuendesha kitanda kwa shuka moja.

Ukubwa: mpime mbwa kutoka puani mpaka mkia unapoanzia, zidisha mara moja na nusu. Anatakiwa aingie mwili mzima, ageuke, atoke. Na mpimie mbwa atakavyokuwa mkubwa, usimpimie wa leo. Kama ni dume, ukutani weka karatasi ngumu ya plastiki na kitu cha kusimama kama chupa kubwa iliyojazwa maji, maana akifika miezi sita, saba, atanyanyua mguu na hapo trei haitamsaidia mtu.

Wenzetu Marekani tangu 2016 sheria inavitaka viwanja vya ndege vyenye abiria wengi viwe na sehemu ya choo cha mbwa wa msaada ndani ya jengo la abiria, baada ya ukaguzi, sio nje tu. Ukiona picha zake nyingi utakuta nyasi bandia, bomba la maji na tundu la kutolea maji. Nyasi peke yake haitoshi, kinachokifanya kiwe choo ni yale maji yanayopita na pa kupitia.

Na tahadhari: nyasi bandia isiyofuliwa ni mbaya kuliko pedi. Pedi angalau unaitupa. Nyasi unabaki nayo.

10.
Sasa lile swali la maji yanaenda wapi. Baada ya mama kuanguka nikahamishia choo balkoni. Nikajiona mjanja. Asubuhi nasuuza trei palepale, maji yanatoka kwa kitundu cha balkoni. Nikaona kazi imeisha.

Siku ya nne mlango ukagongwa. Mama wa ghorofa ya pili, mtu mzima, anaswali swala zake tano, mstaarabu sana. Kashika mswala na kanzu ya mume wake. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: "Sista, mimi sina neno na mbwa wako. Lakini maji yake yananidondokea kwenye nguo za kuswalia. Nimezifua mara mbili, sijui kama zimetoharika."

Jamani, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Kitundu changu ndicho dari la kamba yake ya nguo. Kwa mtu asiye Mwislamu hapo ni usafi tu. Kwa yeye ni swala yake. Na hata kama jirani angekuwa mpagani kabisa, nani anataka mkojo wa mbwa kwenye shati?

Nilimwomba radhi, nikazifua nguo zile yeye akinielekeza namna, na tangu siku hiyo hakuna tone linalomwagwa balkoni. Trei inabebwa ikiwa imetulia mpaka chooni, chetu cha kukaa, inamwagwa mle, maji yanavutwa. Inasuuzwa bafuni kwenye beseni lake, sio ndoo ya kuogea.

Kwa hiyo kabla hujaweka choo cha mbwa balkoni, mwaga kikombe cha maji safi kwenye kitundu, kimbia chini uangalie yametokea wapi. Dakika mbili tu. Mimi sikuzitumia.

11.
Sasa swali gumu, na hapa kuna watakaonuna. Nani anasafisha?

Mbwa alikuwa wa binti. Ahadi zilikuwa nyingi: "Mama nitamsafisha mimi, kila siku, naapa." Wiki ya kwanza alisafisha. Ya pili alisafisha kwa kusukumwa. Ya tatu, nani alikuwa anapiga magoti asubuhi na tambara? Dada wa kazi. Hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyemuuliza. Kazi iliteleza tu ikamwangukia, kama kazi zote zisizo na mwenyewe ndani ya nyumba zetu zinavyomwangukia dada.

Baada ya ajali ya mama nilimkalisha, nikaanza kumuuliza kwa ukali kidogo kwa nini koridoni palikuwa hapajapigwa deki. Akanijibu bila kuniangalia usoni: "Dada, mimi nilikuja kulea mtoto na kupika. Mbwa sikuambiwa."

Nikanyamaza. Maana ni kweli. Hospitali mimi ni wa kwanza kulalamika nikipewa kazi isiyo yangu bila hata glavu. Nyumbani nikamfanyia mwenzangu hivyohivyo, bila glavu, bila nyongeza, na kosa likitokea namtafuta yeye.

Tukakubaliana upya. Asubuhi binti anamwaga na kusuuza kabla ya shule, nikiwepo nasimamia. Jioni ni mimi, na nikiwa zamu ya usiku namaliza kabla sijatoka. Dada akikuta dharura akasafisha, glavu zipo, sabuni ipo, na mshahara uliongezwa kwa sababu dharura zipo. Nyongeza yenyewe sio kubwa, lakini imetajwa kwa mdomo na inalipwa.

Ndiyo maana nasema huwezi kuchagua choo kabla hujamchagua msafishaji. Pedi inamtaka mtu wa kutupa. Nyasi halisi inamtaka mtu wa kubeba. Nyasi bandia inamtaka mtu wa kufua kila siku ya Mungu. Kama huyo mtu hana jina, choo hicho kitashindwa hata kingetoka Ulaya.

12.
Usafi wenyewe. Tafadhali hili lisome mara mbili.

Usimwage jiki juu ya mkojo. Najua tunapenda jiki, harufu yake tunaiita harufu ya usafi. Lakini mkojo una amonia, jiki ikikutana nayo inatoa gesi kali inayochoma macho, koo na kifua. Kwenye bafu dogo lisilo na dirisha, na mtu mwenye pumu, ni hatari ya kweli. Kwanza ondoa mkojo wote kwa maji na sabuni, suuza vizuri. Ukitaka jiki, itumie baadaye kwenye trei tupu iliyosuuzwa, ukiwa umeichanganya na maji kama maelekezo ya chupa, madirisha wazi. Usiichanganye na siki wala sabuni nyingine.

Kwa aliyekojoa sakafuni: futa kwa tambara au karatasi mpaka pakauke, osha kwa sabuni, suuza, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Mbwa ana pua sio ya mchezo, akisikia harufu yake ya jana anaamini pale ndipo pake. Dawa za kusafishia zenye harufu ya amonia usitumie, kwake ni kama kibao kilichoandikwa "choo hapa".

Kinyesi kiokotwe siku hiyohiyo, kiende chooni. Mikono kwa sabuni. Tambara la mbwa libaki la mbwa.

13.
Magonjwa, kwa ufupi na bila kutishana.

Toksokara, minyoo ya mbwa. Karibu kila mtoto wa mbwa anazaliwa nayo au anaipata kwenye maziwa ya mama yake. Mtoto wa binadamu akimeza mayai yake, minyoo inaweza kuzurura mwilini mpaka kwenye ini, hata kwenye jicho. Habari njema: kinyesi kipya hakiambukizi. Mayai yanahitaji kama wiki mbili au zaidi nje ya mwili ndipo yakomae. Ukiokota kila siku umekata mnyororo. Na dawa ya minyoo: kila wiki mbili kwa watoto wadogo, halafu kila mwezi mpaka miezi sita, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo.

Homa ya mgunda. Mtaikumbuka, Julai 2022 wizara ilitangaza wagonjwa kule Lindi. Bakteria wake wanatoka kwenye mkojo wa wanyama, panya hasa, na mbwa pia, wanaingia kwa mtu kupitia kidonda au macho na mdomo. Mbwa ana chanjo yake, uliza. Na kama una mchubuko mkononi, glavu.

Kichaa cha mbwa hakihusiani na choo, lakini siwezi kuandika habari za mbwa nikaruka. Dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mbwa kila mwaka. Aking'ata mtu: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, nenda hospitali siku hiyohiyo. Sio kesho.

14.
Mafunzo. Choo kizuri bila ratiba ni pambo. Mtoto wa mbwa anabana mkojo kwa saa sawa na miezi yake ukiongeza moja. Wa miezi miwili, saa tatu hivi. Mpeleke kwenye trei akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, kabla ya kulala. Akifanya, msifie palepale, mpe kipande cha chakula. Maji usimnyime, joto hili litamdhuru.

Akikosea, safisha na unyamaze. Ile ya kumsugua pua kwenye mkojo na kumpiga kandambili, acheni. Hafundishiki hivyo. Anachojifunza ni kukuogopa, na kesho atakojoa nyuma ya kochi ambako humuoni.

Na mahali: sio koridoni, sio njia ya chooni, sio karibu na jiko wala bakuli lake la chakula. Kama ndani kuna mzee, weka kitaa kidogo cha usiku kwenye njia yake. Mbwa awepo asiwepo, hicho kitaa nunua leo.

15.
Nimalize na wale watakaoniuliza inbox: "Sista, mimi naishi peke yangu, natoka saa kumi na moja alfajiri narudi saa tatu usiku, nichukue choo gani?" Usichukue choo. Na mbwa usichukue. Hakuna trei inayoweza kukaa na mbwa saa kumi na sita badala yako. Hilo nalisema kwa upendo.

Popi sasa ana mwaka na miezi. Anashushwa asubuhi na jioni, trei imebaki ya usiku na ya siku za mvua. Mama wa ghorofa ya pili hampendi, hamchukii, tunasalimiana vizuri, nguo zake zinakauka.

Mama yangu alirudi Desemba kwa ajili ya jicho la pili. Kabla hajakaa aliuliza, "Yule mwenzenu siku hizi anakojoa wapi?" Nikampeleka. Akaangalia trei, akaibonyeza nyasi kwa ncha ya fimbo, akaangalia ukuta, akaangalia kitaa. Akasema, "Kwa hiyo yeye ana choo chake peke yake, mimi nasubiri mlangoni binti yako amalize kuoga."

Tulicheka. Ila alipokuwa anafunga kanga yake nikaona bado anatumia mkono mmoja zaidi ya mwingine. Kifundo kiliunga, lakini hakijarudi kama zamani, na kwa umri wake huenda kisirudi.

Wenye maswali yaandikeni hapo chini, nitajibu nikiamka. Jumapili ijayo tunaongelea dawa za wazee zinazokaa kwenye friji pamoja na soda. Walio zamuni, kazi njema.